Lifti ya Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Kiberiti ameanguka. Ngazi za nyuma, karibu na ghorofa ya sita, pale taa ilipoungua zamani na hakuna aliyejali. Alikuwa amebeba mtungi wa gesi. Kishindo kilifika huku kwetu ghorofa ya nane, nikadhani mtu anavunja ukuta. Nilimkuta amekaa sakafuni, mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii, na bado anautukana mtungi. Ndiyo maana tunamwita Kiberiti. Mwembamba, na kuwaka hakumchukui muda.

Mlinzi alisaidia kumshusha. Kwa lifti? Hapana. Kwa ngazi hizohizo, mgongoni, akilia. Kibao bado kiko pale mlangoni pa lifti: wafanyakazi wa ndani na wabeba mizigo watumie ngazi za nyuma. Mlinzi alisema anaogopa kamera.

Nina hasira, hata maandishi yangu yamepinda. Bibi ninayemtunza ameamka. Nikamgeuze.

Jumatano, 5 Machi

Mguu umevunjika kweli, wamempiga plasta. Mwajiri wake amemwambia akapumzike kwa dada yake — na tayari anaulizauliza kama kuna anayemjua mpishi mwingine.

Tumekutana juu ya paa wakati wa kuanika nguo. Wapishi, walezi, wafuaji, karibu wote wa jengo hili. Alikuwepo pia dada mmoja wa chama cha wafanyakazi wa majumbani, mpole wa sauti lakini hayumbi. Akatuuliza ni wakati gani tunaruhusiwa kupanda lifti. Nikasema mimi, nikimsukuma Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu. Mlezi wa ghorofa ya tatu, akiwa amembeba mtoto. Mama Mkubwa, ambaye ametuzidi wote umri, akasema yeye hupanda akiwa na mbwa wa bosi wake. Siku magoti yakimsumbua humtoa mbwa matembezi hata kama mbwa mwenyewe hataki.

Tulicheka mpaka vibanio vikatudondoka. Halafu tukaviokota, tukapanga ya kesho.

Kesho asubuhi hakuna wa kupanda ngazi za nyuma. Dada wa chama amesema hakuna matusi, hakuna kusukumana. Mnapanga foleni, mnapanda, mnakwenda kazini.

Nimekubali. Nikifukuzwa, mama na wanangu watamtegemea nani?

Alhamisi, 6 Machi

Tumepanda!

Bibi amelala, naandika haraka. Mlinzi alisimama mbele ya lifti, mikono ameitanua kama golikipa. Mama Mkubwa akamwambia, "Nipishe mwanangu, nachelewa kazini." Mlinzi akasema, "Mama, nina watoto mimi." Akajibiwa, "Hata sisi tunao." Basi akampigia simu Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, naye akashuka amefunga tai shingoni, miguuni kandambili. Akasema hili ni jengo la heshima. Hakuna aliyemjibu. Akarudia. Nadhani angetamani tumtukane, apate pa kuanzia.

Mlango wa lifti ukafunguka, na aliyetoka ni dada — binti yake Bibi, ndiye aliyeniajiri. Nusura nitoke kwenye foleni. Akatutazama wote, akanitazama mimi. Akashika njia yake kwenda benki.

Lifti ikabaki wazi, tupu. Mama Mkubwa akaingia. Mwenyekiti akamwamuru mlinzi amtoe. Mlinzi akatazama viatu vyake. Nasi tukaingia.

Bila kiti cha kusukuma, sikujua mikono niiweke wapi.

Nilipomsimulia Bibi, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo siku zote mimi na yule mbwa tulikuwa tiketi zenu." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza kucheka. Namsubiri dada arudi.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafukuzwa. Naandika tena niamini: sijafukuzwa.

Jana dada alirudi, akavua viatu, akaniita jikoni. Akasema, "Ungeniambia mapema." Nikamwambia, "Dada, ningekuambia ungenikataza." Akajimiminia maji, hakuyanywa. "Ni kweli," akasema. "Ningekukataza." Basi. Akaenda kumwamkia mama yake.

Nimelala kama mtoto aliyeshiba.

Jumatatu, 10 Machi

Kamati ilikaa jana. Dada alikwenda, na hajawahi kwenda hata siku moja. Anasema aliwauliza wenzake kama wao wangekuja kumgeuza mama yake kitandani siku mimi nikivunjika mguu kwenye ngazi zile. Wengine walikasirika. Wengine walisema hata wao wamekuwa wakikionea haya kile kibao, ila kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Mwenyekiti akasema sawa, kwa majaribio.

Majaribio au siyo, kibao hakipo. Mlinzi mwenyewe alikibandua asubuhi kwa kisu. Na mwajiri wa Kiberiti amesema kazi yake inamsubiri mpaka apone! Dada wa chama alikwenda kuzungumza naye. Sijui alimwambia nini, lakini alitoka akitabasamu. Nilimpigia Kiberiti simu. Alilia, halafu akanigombeza kwa kumliza.

Mwili wote mwepesi. Hata ndoo ya maji leo nimeibeba huku naimba.

Alhamisi, 13 Machi

Niko chini, kwenye ukumbi wa mapokezi, kwenye kochi. Ndiyo, kochi la wageni. Kiberiti amekuja kutusalimia na magongo yake, akachoka, akakaa. Mlinzi akaja mbio, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba lifti ndiyo iliyoruhusiwa, makochi hayajazungumziwa. Kiberiti akamwuliza kama anataka akae sakafuni.

Mimi nilikuwa napita na mkate wa Bibi. Ningeweza kupita. Nimekaa.

Ni laini kuliko nilivyodhani. Mlezi wa ghorofa ya tatu ameingia kutoka sokoni, akatuona, akakaa na vikapu vyake. Kiberiti ananiuliza naandika nini, nimemwambia atulie. Mlinzi ameshika simu lakini hajapiga. Anatutazama, anaitazama kamera. Kisha anatazama nafasi iliyobaki kwenye kochi, na miguu yake iliyosimama tangu alfajiri. Mlezi anasogeza vikapu, mlinzi naye apate pa kukaa.