Papa Katekista na Binti Aliyezamishwa Ziwani

Mama Mushauri mupendwa, nisaidie, na usishangae barua ikirukaruka, ni furaha njo inaniyumbisha hivi.

Mimi ni Émérence, mushonaji hapa Kalemie, binti wa Papa Edmond, katekista wa Mpala, nimelelewa kwa misa na rozari, halafu jirani yangu Mado akanipeleka kanisani kwao kwa wapentekoste, nikafuata ngoma tu, lakini walipoimba nikajikuta nasali kwa maneno yangu mwenyewe, mimi niliyezoea ya kukariri, nikalia, nikacheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia pasta, na baadaye wakanibatiza kwa kunizamisha ziwani, nikameza maji, nikatoka nacheka, na mpaka leo nikikanyaga cherehani nacheka peke yangu.

Papa sikumwambia. Juzi akaja na mutoto wa dada yangu abatizwe parokiani, mimi niwe mama wa ubatizo, nikaogopa kukataa, tukaingia, padri akauliza kama nitamulea mutoto katika Kanisa Katolika, nami nikasema, "Padri, mimi nilihama. Nasali kwa wapentekoste." Papa akamuchukua mutoto mikononi mwangu polepole, akamupa shangazi asimame pahali pangu. Hakugomba. Aliondoka bila kuniaga, lakini Mado anasema alipita kwake kwanza, akamuuliza, "Huko kwenu, binti yangu anasali kweli?"

Mungu sikumwacha, Mama, niko naye karibu zaidi. Nirudi kanisa la utoto ili moyo wa Papa upone, ama nisikanyage tena Mpala?

Émérence

*

Émérence binti yangu, nimesoma nacheka, halafu nikakasirika. Kwa furaha yako sina neno. Lakini Papa amesikia habari hiyo mbele ya padri na ndugu wote, yeye anayefundisha wengine katekisimu. Aibu hiyo umemuvisha wewe. Kinywa cha kuimba ulikuwa nacho, cha kuongea na baba yako ukakosa.

Usirudi kwa kuigiza. Papa atajua, na Mungu pia. Wala usikimbie Mpala. Panda mutumbwi wiki hii, bila Mado, bila pasta. Omba musamaha kwa ile aibu, si kwa imani yako, usichanganye. Jumapili musindikize misani, ukae naye benchi moja, usipokee komunyo, na usimuhubirie. Akinyamaza, pika bukari, ule ugali wa kwetu, muwekee maji ya kuoga, vumilia. Mutoto wa dada yako naye umushonee nguo. Hakuna padri atakayekukataza.

Halafu muombe Papa akuachie sala ya kabla ya kula. Muntu anayeuliza kama unasali kweli hana hasira tu, ana hamu ya kukusikia. Basi akusikie.