Miguu ya Kwenda Tanga

Tuliishia wapi, dada? Ndiyo, pale kijana alipouvuta mguu wake kutoka mapajani kwangu akasema, "Mama, leo usinitoe." Mpagazi wa barua alikuwa amenisimamia kichwani, msafara unaondoka, nikaikunja karatasi na neno liko mdomoni. Najua umekaa huko Pangani unaniapiza, mtu gani huyu anafunua chungu kisha anakifunika. Haya, leo maandazi yamekwisha mapema, nimekaa kitako, nakumalizia.

Lakini kwanza shikamoo. Mko wazima? Huku tumesikia mizinga imelia Tanga, na Tanga na Pangani ni pua na mdomo, sina raha mpaka nisikie mmesalimika. Athumani aniandikie hata mistari miwili. Na wewe Athumani, msomee mama yako polepole, usiruke, na ukifika penye aibu yangu usicheke. Mimi mzima, mwili haujapungua, bado nikikaa kigoda kinalia. Kazi yangu ni ile ile tangu marehemu mume wangu anilete huku Arusha akaniacha: asubuhi maandazi, mchana sindano. Funza wa huku hawana adabu, dada. Askari, wapagazi, wake zao, wote nimewatoa funza mimi, na mtu ukimshika mguu hana siri, anasema mwenyewe bila kuulizwa. Ndiyo maana mambo yote ya boma nayajua. Si umbea, ni kazi.

Pengine zile barua za nyuma zimeliwa na maji njiani, basi nikukumbushe. Kijana anaitwa Sangito, Mmeru, kwao juu mlimani kwenye migomba, na alikuwa anasoma shule ya hapa karibu na boma. Herufi hizi za Kizungu yeye ndiye kanifundisha, kwa mkaa, kwenye ubao wa kukatia maandazi. Nikikosea alikuwa anafuta kwa kiganja, anasema haya mama, tena.

Mbio zake zilianzia mferejini. Wameru wana mifereji inayotelemsha maji kutoka juu mpaka mashambani, kila mtu na zamu yake. Zamu yako ikifika, mmoja anakwenda kufungua juu, mwingine anangoja chini na jembe ayaelekeze shambani, la sivyo yanapita yanakwenda kunywesha migomba ya jirani. Sasa mamake Sangito mjane, tena mguu mmoja mbovu, hana mtu. Basi mtoto anafungua mwenyewe kule juu, halafu anatimua mbio kushindana na maji, afike kabla yao. Tangu ana urefu wa jembe lenyewe. Akichelewa, mwezi huo hawali. Mtu kama huyo utamshindanisha na watoto wa watu?

Wakamshindanisha. Sikukuu ya Kaizari wa Wadachi walikuja wanafunzi wa Moshi, wakaambiwa wakimbie kutoka bomani mpaka Moshono na kurudi. Mwaka wa kwanza alishindwa, na alishindwa kwa ujinga. Siku zile alikuwa na majivuno, dada, anatembea kama jogoo aliyenunuliwa jana. Alikuwa mbele peke yake, akageuka kumcheka mwenzake aliye nyuma, akajikwaa kwenye mawe ya mto Themi. Akaja kwangu goti limechanika, halii, ananuna tu. Nikamwambia maji ya mfereji ulikuwa unayacheka? Akasema hapana, maji nilikuwa nayaogopa. Nikamwambia basi waogope na watu.

Mwaka mzima nikamwona anabadilika. Alfajiri nikiwasha moto namsikia anapita, pu pu pu, anapanda kuelekea kwao na kushuka kabla kengele haijalia. Jioni anapaka miguu samli kama bibi harusi, wenzake wanamcheka, yeye anaendelea kupaka. Sikukuu iliyofuata alishinda, tena kwa mbali, na alipofika hakushangilia. Alirudi njiani akamshika mkono yule wa Moshi aliyekuwa anatapika, wakaingia pamoja. Mimi nililia mbele za watu nikasema moshi wa mafuta ya maandazi.

Mwalimu wao akamwambia, mvua zikiisha utakwenda Tanga, shule kubwa, utoke huko mwalimu. Hapo ndipo nilipoanza kukuandikia habari zake, nikakwambia atapita kwako umpe chumba cha nyuma. Alikuwa ananiuliza mpaka nachoka. Eti Tanga kuna baridi? Eti samaki wanaliwa na kichwa? Nikamuuliza wewe ukishakuwa mwalimu utataka nini, koti? Akasema anataka shule kule kwao juu, kwa mamake, watoto wasikimbie mpaka bomani. Nikamwambia wasipokimbia watapata wapi miguu kama yako? Akacheka sana siku ile.

Halafu vita ikaja. Shule ikafungwa, mwalimu akavaa nguo za vita, habari za Tanga zikanyamaza. Kijana akawa hana pa kwenda, akarudi kwa mamake akalime. Na angekaa huko, dada. Angekaa huko huko mpaka vita iishe, hakuna aliyekuwa anamkumbuka. Ila mimi.

Unamjua Bi Tatu, mke wa Shaushi Almasi, mkubwa wa askari wa boma, yule niliyekwambia ana kucha ndefu. Alikuwa amekaa namtoa funza, ananisifia mwanawe, mwanangu hivi mwanangu vile, kijana mzito yule kama gunia la chumvi. Nikaona moyo unaniuma, mimi sina mtoto, nikasema na mimi wangu. Nikamwambia Sangito akitoka hapa baada ya sala ya alfajiri, adhuhuri anafika Moshi na barua mkononi haijalowa jasho. Uongo mtupu, hajawahi kwenda Moshi kwa miguu. Nilitia chumvi ili mazungumzo yakolee. Siku ya tatu wakaja askari wawili wakapanda mlimani, wakashuka naye. Wamemfanya tarishi. Unabana barua kwenye fimbo iliyopasuliwa, unashika njia ya Longido walipo askari wa Mdachi, na Mwingereza yuko huko huko nyikani anakuotea.

Hakuniuliza nani kamtaja. Mimi nami sikumwambia. Mara ya kwanza alirudi salama, nikamwekea chakula, nikamwambia sasa wewe mtu mkubwa, barua za Mdachi zinakungoja. Akala akalala. Walikuwa matarishi watatu. Mara ya pili mmoja alirudi na tundu la risasi begani. Mara ya tatu mmoja hakurudi. Sangito akaanza kukaa hapa kibarazani anaangalia kuta za boma. Hata samli hapaki tena. Nilipoona anachechemea nikamwita, lete mguu. Nikaukuta umejaa, visiginoni, chini ya kucha, mpaka katikati ya vidole. Funza wa siku nyingi, wengine wameshanenepa kama kunde. Kijana aliyekuwa anatazama miguu yake kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Hapo ndipo aliposema, "Mama, leo usinitoe."

Nikacheka. Nikamwambia miguu ya kwenda Tanga haiachiwi funza. Akasema atatoa mwenyewe kesho. Nikamwambia kesho yako itakula vidole. Akanitazama, dada, akasema taratibu sana, "Vidole viwili tu, mama. Waniache nyumbani."

Sitakudanganya, nilielewa. Athumani, soma hapa vizuri. Nilielewa. Mtu aliyeoza mguu hatumwi Longido. Lakini nimewaona hao waliooza, vidole havitoki viwili, ukikaa navyo vinakwenda vyote, na mguu unafuata. Nikasema moyoni vita hii itaisha, wazee wanasema ni miezi tu, na shule ya Tanga haitachukua kilema, mtu aliyechaguliwa kwa mbio. Nikasema huyu mtoto sasa hivi ana hofu, hofu inapita, miguu ikienda hairudi tena. Na kingine nikwambie, niliogopa Shaushi akijua nimeona nikaacha. Basi nikaushika mguu nikaubana kwapani kama kuku wa kuchinjwa, nikachokonoa. Alikuwa na nguvu za kunitupa ukutani. Hakunitupa. Aliniachia miguu yote miwili akageuza uso. Nikamtoa wote, nikatia majivu ya tumbaku, nikafunga kitambaa, nikamweka kwangu siku nne namkanda kwa maji ya chumvi. Hatukuongea sana siku hizo. Mimi, dada, siku nne bila kuongea.

Siku ya tano Shaushi akaja kukagua. Akamwinua mguu kama mtu anayekagua kwato. Akasema, "Miguu kama ya mtoto mchanga. Nani kaisafisha?" Na mimi mjinga, nimezoea kusifiwa, nikasema mimi. Nikaona Sangito ananitazama. Hakunikasirikia. Alichukua fimbo ya barua akaniambia nimsalimie mamake, akaondoka mbio, vidole kumi.

Leo siku ya kumi na nane.

Wafugaji wameleta ile fimbo bomani. Wameiokota kwenye maji ya kunyweshea ng'ombe, upande huu wa Longido, imechomekwa ardhini wima, barua iko palepale haijafunguliwa. Yeye hayupo. Damu hawakuona, nguo hawakuona. Kila mtu ana lake. Mmoja anasema simba, simba angeacha fimbo imesimama? Mwingine anasema Waingereza wamemkamata, Waingereza wangeacha barua? Mimi nasema labda aliichomeka mwenyewe akakimbia mbio za kweli, akavuka ng'ambo kwa Mwingereza. Halafu nasema labda aliichomeka ainame anywe maji, likamkuta lililomkuta. Nageuza hivi, nageuza hivi, mpaka maandazi yanaungua.

Sasa lililo shingoni mwangu ni hili. Mamake kila siku ya gulio anatelemka na mkungu wa ndizi na ule mguu wake, anakuja hapa kuuliza. Kiswahili chake kidogo, anaita mama maandazi, mtoto? Mara ya kwanza nilimwambia yuko kazini, anakusalimu. Kesi ingeishia hapo. Lakini alifurahi sana, akashika mashavu yangu kwa mikono miwili, na mimi unanijua nikiona mtu anafurahi. Nikaongeza. Nikasema kapewa blanketi. Gulio lililofuata tayari fimbo imeshaokotwa, nimeiona kwa macho yangu, na bado nikamwambia amenenepa, anasema usiache zamu ya maji, akirudi atakuja kufungua mwenyewe. Akaondoka anaimba. Nasikia kule juu amewahadithia wote, majirani wanakuja kumpongeza.

Na asubuhi hii Bi Tatu kanipa neno. Bomani wameshaamua kuwa kijana ni mtoro. Kesho Shaushi anapanda mlimani kumchukua yule ng'ombe wao mmoja, na mama mwenyewe atafungwa bomani mpaka mwanawe ajilete. Watamkuta amekaa anapongezwa. Bi Tatu kasema nisimwambie mtu, maana neno likitoka itajulikana limetokea wapi. Wa kumwambia niko mimi tu, na leo ni gulio. Nikimwambia, anaweza kumwondoa ng'ombe na kujificha kwa ndugu zake leo leo. Lakini atauliza kwa nini mtoro, mbona juzi alinisalimu. Nitamwambia nilitunga. Atauliza basi yuko wapi, nitamwambia sijui. Na kama ana akili, na anayo, atauliza imekuwaje hakuachwa nyumbani na ile miguu mibovu, kama yule mwenzake aliyetobolewa bega, na hapo itabidi nimwambie nani aliyemshika mguu. Na nani aliyemtaja.

Toka asubuhi jicho langu liko njiani. Kwa kawaida jua halijafika kichwani yuko hapa, leo kachelewa, na aibu yangu inasema heri asije. Nimeisikia kabisa ikisema, dada. Wewe ndiye mkubwa wangu, ulikuwa ukinifinya nikisema uongo. Jibu lako halitafika kesho, najua. Nakuandikia ili nikae karibu na mtu anayenijua.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie aweke akiba ya maneno, nguo yake ya kanzu sijaisahau. Nisalimie shangazi yetu aliyetulea, mbusu mkono, usimsomee hii barua, mwambie tu nimenenepa. Jirani yetu msusi mpe salamu, na yule mwalimu wa chuo cha Kurani mwombe amsomee dua mtoto wa watu, jina lake Sangito, akiuliza dini yake mwambie mwanafunzi. Na kile chumba cha nyuma usikipangishe, dada, hata kama ni ujinga, subiri

Naitwa. Ni yeye, mamake Sangito, yuko kwenye kona ya ukuta, ametua mkungu chini, ameanza kucheka kabla hajafika. Kaja na wanawake wenzake watatu, ndio maana kachelewa. Mama maandazi, anasema, njoo uwaambie, njoo uwaambie hawa alivyosema mtoto. Natoka.

Mdogo wako,
Mwanakombo