Kitufe cha Miwani

Shoga, nimetoka mkutanoni sasa hivi. Wamemmaliza Miwani.

Si ndiye aliyemtengenezea bosi programu ya simu ya kusimamia wafanyakazi? Leo bosi kaijaribu mbele yetu. Akachagua jina la Miwani, kwa mzaha tu, akaweka kidole kwenye kitufe cha "Achisha kazi".

Kidole kikiwa palepale akamwuliza, "Nikikisogeza pembeni kabla ya kukiinua, si amri inafutika?"

Kumbe Miwani kitufe alikiunda kifanye kazi kikiguswa tu, hakingoji kidole kiinuke. Simu ikamlilia mfukoni. Barua ya kuachishwa kazi imeshafika.

"Bosi, nitarekebisha."

Bosi akamnyang'anya simu, akaisoma barua kwa sauti, akacheka. Shoga, alicheka.

"Urekebishe kama nani?"