Ndege Uliyoiogesha Wamaza

Bibi yangu mpendwa,

Ndege yako bado ipo. Jana mjukuu wangu Furaha aliishusha juu ya kabati, akaigeuza tumbo juu, akaniuliza kwa nini chini ya bawa kuna mahali rangi imekataa kushika. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye akanuna, akidhani namcheka. Nikamwambia angoje, kwanza nina neno na mwenye ndege, ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu.

Unalikumbuka lile sanduku la karatasi? Mjomba Kalume, kitinda mimba wako, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Kindu, enzi za Wabelgiji. Mzungu yule aliporudi kwao aliacha sanduku ambalo mtoto wake hakuwahi kulifungua, na Mjomba akalituma kwetu Wamaza kwa lori la mchele. Ndani yake mlikuwa na ndege ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, na vikopo viwili vya rangi, cha fedha na chekundu. Dereva alileta na maneno ya mdomo: “Mwambieni Mama aiangalie ndege kwa macho yake, aache kuiogopa.”

Mjomba alijua tulipokwama. Masista wa Kasongo walikuwa wameniombea nafasi katika shule ya wakunga ya Stanleyville. Safari ya barabara na mto ilikuwa ndefu mno, kwa hiyo wasichana waliochaguliwa tungeondoka Kasongo kwa ndege. Baba alikubali. Mama alikubali huku akilia. Lakini kwetu msichana haanzi safari ya mbali kabla mkubwa wa nyumba hajampulizia maji kifuani. Mkubwa wa nyumba ulikuwa wewe, na maji yako ulikuwa umeyafungia mdomoni.

“Mutu iko na miguu,” ulisema. “Mungu kama alitaka aruke, angemupa mabawa. Mutoto yangu hataingia mu tumbo ya chuma.”

Nami nilitaka kwenda, Bibi. Nilitaka mpaka chakula hakipiti.

Tulipofungua sanduku, ulitoa vipande vile vya kijivu vilivyoshikana kwenye vijiti vyao kama dagaa wa kuchoma, ukavinusa, ukavigonga kwa kucha. Plastiki tulikuwa hatujaizoea.

“Hii ni mifupa ya nyama gani?”

“Ni ndege, Bibi. Bado haijaunganishwa.”

“Kumbe ilishakufa! Na munataka nimupandishe mutoto yangu humo?”

Mama alitoka nje kwenda kucheka. Mimi nikaikunjua karatasi ya maelezo na kukusomea kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa kwa Kifaransa: kabla ya gundi na rangi, osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta, na rangi haikai juu ya mafuta. Hapo ndipo uliponitazama kwa mara ya kwanza tangu habari ya safari ianze.

“Inazaliwaka na mafuta?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Sawasawa na mutoto.”

Sijui kama ulijiona ulivyobadilika. Watoto wa Wamaza karibu wote walipita mikononi mwako siku ya kuzaliwa, na hakuna aliyethubutu kukuogeshea mtoto mbele ya macho yako. Nilikuwa nimeshainua beseni, ukaninyang'anya. Nilikuletea maji kutoka jikoni, ukatumbukiza kiwiko, ukaruka. “Unataka kuipika?” Ukaongeza maji baridi, ukajaribu tena, ukaridhika. Ukaosha kila kipande na sabuni yetu ya majivu: chini ya mabawa kama kwapani, nyuma ya mkia, kwenye mikunjo ya magurudumu. Vile vidogo kabisa uliviparuza kwa unyoya wa kuku. “Hapa ndiyo uchafu inajifichaka,” ulinifundisha, kana kwamba naenda kuishi na ndege nyumba moja. Na ulikuwa unaimba chini chini, ule wimbo wa mtoto mpya. Nilijifanya natazama pembeni nisikukatishe.

Nilivitandaza vipande juu ya jani la mgomba, kivulini, nikamfuata Mama shambani kung'oa mihogo. Niliporudi vilikuwa vinang'aa. Nikadhani ni maji. Nikafungua kopo la rangi ya fedha, nikachovya brashi, nikaipitisha juu ya bawa kwa heshima zote. Rangi ikajikusanya matone matone, ikateleza hadi ukingoni, ikadondokea mguuni pangu. Nikalinusa lile bawa. Mafuta ya mise! Yale unayoyakamua kwenye kokwa la chikichi, ya kumpaka mtoto akishaoga.

“Bibi! Umeifanya nini?”

Ulikuwa kwenye kigoda chako, umekumbatia chupa yako bila wasiwasi wowote. “Nimeipaka. Ilikuwa imepauka.”

“Lakini tumeiosha ili mafuta yatoke!”

“Ile ilikuwa mafuta ya kuzaliwa nayo. Hii ni ya kwetu. Mutoto haachwi na ngozi mukavu, watu watasema haina mutu wake.”

Nilikaa chini nikashika kichwa. Gundi haitashika, rangi haitashika, na kwa akili zangu za wakati ule niliona kwamba ndege hii isipopendeza hutaniachia. Nikakuuliza, karibu na kulia, kwa nini umejisumbua kukipaka kitu usichokitaka. Uliifunga chupa kwanza.

“Umeshaniona naogesha mutoto wa mutu, kisha namutupa hivi hivi? Kama hii ndiyo itakubeba, inapaswa kujua umetoka kwa nani.” Halafu ukaongeza haraka, nisije nikafurahi mapema: “Sijakubali. Kwanza nitaiona ile mukubwa.”

Basi tukaiosha upya, wewe ukisonya na kulalamika kwamba tunamvua mtoto nguo. Ulinishikia mabawa nikipaka rangi, na kidole gumba chako, ambacho hakijawahi kukauka mise tangu nikufahamu, kikakaa pale chini ya bawa la kushoto. Rangi ilizunguka kidole ikapita. Hatukuona mpaka ilipokauka.

Siku ya lori ulipanda mbele pamoja na dereva, ndege ndogo mapajani, chupa imefungwa kwenye ncha ya kitenge. Kiwanjani Kasongo wasichana wenzangu walikuwa wameshaagwa, wanangoja ngazi. Mimi peke yangu kifua changu kilikuwa kikavu. Sista aliniangalia kama anayeuliza, mnakuja au hamji? Na wewe ukapita katikati yetu sote, ukaiendea ile kubwa, ukapiga tumbo lake kwa kiganja kama unavyompiga ng'ombe wa mtu.

“Mama, hairuhusiwi!” mlinzi alipiga kelele. “Mama, rudi!”

“Nyamaza, kijana. Niliogeshaka mama yako.”

Hukuwahi kumwogesha mama yake, alikuwa mtu wa Kongolo. Lakini alinyamaza. Ukafungua chupa, ukamimina kiganjani, ukaipaka ndege ya Wabelgiji mafuta ya mise, pale chini ya bawa, polepole, mpaka yakaingia. Rubani alikuwa dirishani. Aliinua mikono, akacheka, akaacha. Kisha ukanigeukia, ukajaza mdomo maji ya kibuyu cha Mama, ukanipulizia kifuani yote, hata shingo ikalowa.

“Sasa inakujua,” ulisema. “Enda.”

Nililia kuanzia Kasongo hadi mawinguni, Bibi, na ilikuwa furaha.

Kule Stanleyville, siku waliponipa mtoto wa kwanza kuogesha, niliweka kiwiko majini kabla sijaambiwa. Sista mkubwa akauliza nimefundishwa na nani. Nikajibu, na Bibi yangu, tulijifunzia kwenye ndege. Hakuelewa, na sikumwelewesha. Huku nyuma Mama aliniandikia kwamba kila ndege ikipita juu ya Wamaza ulitoka nje na ile ndogo, ukaiinua juu ili mwenzake aione, na majirani wakazoea. Niliporudi nikiwa mkunga ulinikagua viwiko na magoti kwanza, kuona kama huko wananipaka. Tulifanya kazi pamoja mpaka ulipochoka. Nilikuogesha mimi, siku ya mwisho. Maji niliyajaribu kwa kiwiko.

Sasa sikia kilichonikalisha mezani. Furaha amepata nafasi ya shule, mbali, mbali kuliko Stanleyville yangu, na kesho kutwa anapanda ndege. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Wiki nzima wazazi wake wanazunguka zunguka wakinitazama mdomo, na mdomo nimeufunga. Naogopa, Bibi. Nilidhani uoga ule ulikuwa wa wazee wasiosoma, kumbe ni wa mtu yeyote anayebaki kiwanjani. Anataka hata kuipaka ndege yako rangi mpya kabla hajaondoka, eti aniachie ikiwa nzuri. Nimemruhusu aioshe vumbi. Pale penye kidole nimemkataza asipaguse.

Asubuhi nimetuma mtu sokoni aniletee mise, ile nzito, yenye harufu. Viwanja vya siku hizi vina walinzi wasiocheka na uzio mrefu. Hawataniacha nifike kwenye tumbo la ndege. Basi nikishampulizia maji, nitampaka Furaha mwenyewe, mikono yote miwili mpaka kwenye vidole. Akipanda, ataishika ndege tu kwa mikono hiyo.

Baki salama huko uliko, Bibi, na usiwaogeshe watoto kwa maji ya moto.

Ni mimi, mjukuu wako wa Wamaza, ambaye ngozi yake haijapauka hata leo.