Kopo la Babu na Mkeka Ulioniahidi

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Nimenyamaza kidogo kukuachia nafasi ya marahaba yako, ndiyo sasa naendelea.

Naandika nikiwa hapa Kurui, barazani kwako. Mama yuko uani anasugua masufuria ya shughuli, maana jana ilikuwa arobaini yako. Pilau liliiva vizuri. Wewe ungesema limezidi chumvi, kwa sababu hujawahi kusifia pilau la mtu mwingine, lakini sufuria zilirudi tupu. Leo asubuhi nimeamka na furaha, Bibi. Najua furaha si neno la kuandika siku ya pili ya arobaini, nami nitakueleza imetoka wapi. Kwanza nina jambo la kuungama, nimekaa nalo mwaka mzima.

Barua hii naiandika kwa herufi za shuleni, si zile zetu za Kiarabu, ili na wengine waisome. Huenda wapo wenye kopo kama letu uvunguni.

Unakumbuka chawa? Nilikuwa darasa la tatu, nimetoka kwetu Misugusugu, Kibaha, kuja likizo kwako, na kichwa kimejaa. Mama aliona aibu, wewe ulicheka. Ulinikalisha kwenye mkeka, ukaingia ndani, ukatoka na kopo la Babu. Lilikuwa kopo kubwa la bati, mfuniko wake unafunguliwa kwa ncha ya kisu, na ndani mna unga mweupe laini kuliko unga wa ngano. Ulinipaka kichwa kizima, ukanifunga kanga, ukapiga chafya tatu.

"Tulia, mke mwenza. Chawa hawa watajuta kukujua."

Nilitulia. Mikono yako ilikuwa inakwaruza kwa sababu ya kusuka ukindu, na ule unga ulikuwa na harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakukumbuka wewe. Chawa walikufa wote. Nilirudi shuleni nikiringa.

Hadithi ya kopo ulinisimulia mara nyingi. Babu alikuwa mlinzi wa ghala la dawa za mashamba huko Kibaha, mama yangu akiwa bado mdogo. Ghala lilipofungwa, mwenye nalo akampa Babu lile kopo kama zawadi ya kuagana. Babu alilibeba mpaka Kurui kama mtu aliyebeba mtoto. Wazee waliuita unga ule didiiti. Babu alipofariki hakuacha vitu vingi: baiskeli, koti, na kopo. Ukaniambia, "Mume wetu katuachia urithi sisi wawili. Usije ukaniibia."

Na lilikuwa urithi kweli. Kila mwenye kunguni kitandani, kila mwenye mbegu za kunde zinazobunguliwa, kila mwenye siafu ukutani alikuja kwako. "Hodi, Bi Mwanahawa! Nigawie japo kijiko." Hukumtoza mtu kitu. Uliwakalisha, ukawauliza habari za wagonjwa wao, ukawapa chai, halafu ndipo ukaleta kopo. Macho yako yalipoanza kufifia, nikija likizo kazi ya kupima ikawa yangu. Mimi ambaye nikiulizwa swali darasani natazama viatu, kwako nilikuwa mtu mkubwa. Nilishika kijiko, watu wakasubiri.

Sasa jambo lenyewe.

Mwaka jana mwezi wa tatu, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kemia alifundisha kuhusu sumu zisizooza. Alifundisha kwa Kiingereza, akatuona tumekodoa macho, akarudia kwa Kiswahili. Alisema kuna sumu mgeni na sumu mpangaji. Sumu mgeni inakuja, inaua mdudu, inaondoka. Sumu mpangaji inahamia na vyombo vyake. Inakaa ardhini miaka na miaka. Mdudu akifa nayo, kuku anamla mdudu. Sisi tunakula yai, na mama anamnyonyesha mtoto. Inapenda mafuta, kwa hiyo inakaa kwenye mafuta ya miili yetu, kidogo kidogo, ikiongezeka. Haikuumizi siku hiyo, ndiyo maana watu hawaamini. Wataalamu, alisema, wanaihusisha na madhara ya ini, ya mishipa ya fahamu, ya uzazi, na wanaishuku kwa saratani. Ndege wanaokula samaki walikuwa wanataga mayai yenye maganda membamba, wakiyalalia yanapasuka.

Halafu akaandika jina la sumu hiyo ubaoni. Herufi tatu: DDT. Nilizijua, Bibi, kwa sababu zilikuwa kwenye karatasi iliyobaki kwenye kopo la Babu. Wewe mwenyewe ulinionyesha nikiwa mdogo, ukaniuliza zinasomekaje, nikakusomea kwa madaha.

Rafiki yangu aliyekaa pembeni akaninong'oneza, "We Zuhura, mbona umeganda hivyo, umeona jini?"

Nikasema tumbo linauma.

Mwezi wa sita nikaja kwako na maneno yote kichwani, nimeyapanga. Siku ya kwanza nikasema kesho. Siku ya pili ulikuwa umeanza kusuka mkeka mpya, wa ukindu mwekundu na wa kijani, ukaniambia, "Huu wako. Utaulalia huko Kibaha, uache kulalia hayo masponji." Ningesema nini tena? Nikuambie kwamba kitu alichokuachia mumeo, kitu kinacholeta watu mlangoni kwako, ni sumu? Na mtoto amwambieje bibi yake hivyo? Niliona kama nakuvua kanga mbele za watu.

Siku ya tano akaja Mama Shaibu, jirani yako wa nyumba ya tatu, na mtoto mgongoni. Shaibu alikuwa hajaota hata jino.

"Bi Mkubwa, kunguni wameniingilia kwenye mkeka wa mtoto. Wanamla kama wamelipia."

Ukacheka. Ukaniita. "Mke mwenza, mpimie mwenzio vijiko vitatu."

Nilipima, Bibi. Nilijua ninachopima, na nilijua kinakwenda kwenye mkeka wa nani. Kijiko cha pili kilimwagika nusu yake, ukasema, "Vipi, mbona mkono?" Nikajibu, "Upepo." Kulikuwa hakuna upepo hata wa kutikisa jani la mkorosho. Mama Shaibu akafunga unga kwenye pindo la kanga, akashukuru, akaondoka. Shaibu alinitazama kutoka mgongoni mwa mama yake mpaka wakapotea kona.

Nilirudi Misugusugu sijasema.

Mwezi wa kumi na mbili ndipo nikaandika ile barua. Nilikumbuka kwamba herufi za shuleni huzijui, lakini herufi za Kiarabu unazisoma, na kwamba Babu akiwa lindoni alikuwa anakuandikia Kiswahili kwa herufi hizo. Mimi nilijifunza madrasa. Nikaandika mistari sita kuhusu ile sumu, kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yako, nikaikunja, nikaiweka chini ya kopo kwenye sanduku lako la uvunguni. Nikatoka uani nikashika fagio. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Akaja nani? Mama Shaibu huyo huyo. Safari hii alitaka dawa ya mbegu zake za kunde. Ukaingia ndani. Ukakawia. Mama Shaibu akaanza kuita, "Bi Mkubwa, umelala huko? Nikuletee mto?"

Ukatoka mikono mitupu.

"Dawa leo imekataa kutoka. Nenda, nitakuita."

Mama Shaibu alipoondoka ukaniita ndani. Ulikuwa umekaa kitandani, karatasi mapajani. Nilitazama vidole vya miguu yako, ndiko nilikoweza kutazama.

"Nilipoiona nilidhani ni barua ya mume wetu," ukasema. "Nikasema, mzee huyu, miaka yote hii, leo ndiyo kakumbuka."

Sikujua nicheke au nilie.

"Na yeye hakujua?"

"Hakujua, Bibi. Wakati ule wengi hawakujua."

Ukaikunja karatasi. Halafu ukasema, "Basi tulizike, kama tulivyomzika mwenyewe."

"Bibi, hii haiozi. Mvua ikinyesha inakwenda na udongo mpaka bondeni kwenye kisima."

"Kila kinachozikwa huoza."

"Hii inaweza kukaa mpaka mimi nifike umri wako."

"Basi haina adabu," ukasema.

Kesho yake tulimwita bwana shamba wa kata. Alikuja na glavu na ndoo yenye mfuniko, akatuambia tusizike, tusichome, tusimwage chooni. Akalitia kopo kwenye ndoo na kulizungushia mchanga, akasema litapelekwa wanakokusanya sumu za zamani. Ulilisindikiza mpaka kwenye pikipiki yake. Ulimwambia, "Lishike vizuri, hilo ni la mume wangu." Na mimi moyoni nikawa na jambo moja tu: kuanzia leo nani atabisha hodi kwa Bibi?

Jioni yake tukiwa tunachambua mchicha ulinisifu. Barua yangu ilisema nimefundishwa juzi. Niliandika "juzi", Bibi. Ukasema, "Umesoma juzi, jana umeniambia. Hukukaa nalo. Hiyo ndiyo elimu."

Kila neno la sifa ile lilinichoma. Nilikuwa nimekaa nalo miezi tisa.

Hilo ndilo la kuungama. Nilijua tangu mwezi wa tatu, na vijiko vya Shaibu nilipima mimi.

Ulikumbuka pia kitu ambacho hukuwa umekifanya tangu usichana wako: mama yako alikuwa anahifadhi kunde kwa majivu. Majivu makavu yaliyochekechwa, unachanganya, unafunika. Basi ukaanza kuwafundisha watu. Nilipokuja likizo fupi ya mwezi wa nne mwaka huu, katikati ya masika, nikakuta wanakuja kama zamani, na bakuli mkononi. "Hodi, Bi Mwanahawa! Nigawie majivu." Nilishangaa, kwa sababu majivu kila jiko linayo. Ukawakalisha, ukawauliza habari za wagonjwa wao, ukaleta chai.

Likizo hiyo hiyo nikauliza mkeka wangu uko wapi. Ukasema, "Umeshapata mwenyewe, mke mwenza. Usinune."

Nilinuna. Nilinuna siku mbili nzima, na zilikuwa siku za mwisho kukuona. Hilo nalo nisamehe.

Sasa nikueleze ya leo asubuhi.

Nilikuwa peke yangu barazani, Mama yuko kisimani. Nikasikia, "Hodi." Mama Shaibu, bakuli mkononi. Shaibu anatembea sasa, anamkimbiza kuku wako mweusi na kijiti, na kuku hamwogopi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa mahali pake pale pale. Nikaona nikiacha leo sitasema tena maishani. Nikasema nikitazama bakuli.

"Mama Shaibu, ile dawa ya mkeka wa mtoto, mwaka jana, mimi nilikuwa najua ni sumu. Nilikupimia nikijua."

Aliweka bakuli chini. Shaibu alianguka, akainuka mwenyewe.

"Mbona najua?" akasema.

Nikainua macho.

"Bibi yako alikuja. Kopo lilipoondoka alizunguka kila nyumba na fimbo yake, mguu wenyewe ule mbovu. Kwangu alifika wa kwanza. Akasema, 'Mjukuu wangu alijua mapema, akashindwa kunitazama usoni. Mkono ulimtetemeka, nami nikaona, nikanyamaza kwa sababu sikutaka kusikia. Msimlaumu mtoto. Kopo tulilileta sisi wazee.'"

"Alijua?"

"Kwani wewe unajua kudanganya? Upepo!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Halafu akauchukua ule mkeka wa Shaibu, akautia kwenye mfuko, akampelekea bwana shamba. Akaniambia niwaogeshe watoto kwa sabuni na nifue kila shuka. Baada ya siku kadhaa akaniletea mkeka mpya kabisa, mwekundu na kijani. Nikamwambia, Bi Mkubwa, huu si wa Zuhura? Akasema, 'Ndiyo, wa Zuhura. Ndiye anayemlipa Shaibu.'"

Bibi.

Ulijua siku ile ya mchicha. Uliponisifu ulijua. Nimefikiria sana ulinisifia nini, na nadhani ulinisifia nitakachokuwa, si nilichokuwa. Au ulikuwa unanitania. Kwako vitu hivyo viwili vilikuwa karibu sana.

Sijui kilichobaki ndani ya Shaibu, wala ndani yangu, wala kwenye udongo wa ua huu ambao nimeufagia mara nyingi. Niliwahi kumwuliza mwalimu, akasema mtu hawezi kuukamua unga ule mwilini kama nguo, lakini kuacha kuongeza ni kazi kubwa tayari. Shaibu ananenepa na ana meno sita. Analala kwenye mkeka wangu. Nilimwomba mama yake nikauone, nikaenda. Pembeni umeacha ukindu mmoja haujakatwa, kama kawaida yako ya kuchoka mwishoni. Sikuukata.

Tuliporudi barazani Mama Shaibu akanyoosha bakuli. "Haya, nigawie majivu yangu."

"Mama Shaibu," nikasema, "kwako si kuna jiko?"

"Lipo. Na majivu yamejaa."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nimekuja kwa Bi Mwanahawa. Utanikaribisha au hunikaribishi?"

Nikamkaribisha. Nikamuuliza habari za mama yake anayeumwa miguu. Nikateleka chai, ikawa na sukari nyingi mno, akainywa. Halafu nikaingia jikoni kwako, nikachekecha majivu, nikampimia vijiko vitatu vikubwa huku Shaibu akinitazama. Hakuna hata punje iliyomwagika.

Pumzika, Bibi. Mungu akupanulie kaburi lako na akupe kivuli. Msalimie mume wetu, mwambie hakukosea kwa makusudi. Na mwambie mlango wako bado unabishwa hodi.

Mimi mke mwenzio,
mjukuu wako,
Zuhura