Jiwe la Pili

Tongaren,
2 Agosti 2004

Mpendwa Shangazi Sellah,

Salamu kutoka nyumbani. Mahindi yetu yamebeba vizuri. Najua wewe hapo Kitale unakula ya kununua, pole.

Habari kubwa ni mama. Tangu mashine ya kusaga ifunguliwe hapa sokoni, kazi yake ni kulalamika ati unga unanuka dizeli, ati zamani ndiyo watu walikula chakula. Wiki jana akaamuru tutoe yale mawe mawili ya kusagia wimbi, yaliyokuwa nyuma ya jiko kuku wakiyalalia. Akapiga magoti, akasaga, akaimba. Hata kikombe hakijajaa, akashika kiuno akasema, "Roselyne, peleka hii kwa mashine."

Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Nikamuuliza, "Sasa mama, si ulisema zamani ilikuwa nzuri?"

Akasema, "Kusaga kulikuwa taabu tu, bana. Lakini wifi yangu alikuwa kwa jiwe la pili, na umbea wake ulikuwa unajaza gunia."

Yale maneno mliyotupiana wewe na yeye juu ya mpaka wa shamba hayatajwi tena hapa.

Jiwe lako ameliosha, na kuku wakilisogelea anawafukuza. Amenikataza kabisa nisikuandikie. Leo asubuhi, hata chai sijanywa, ameniuliza kama barua nimeshaipeleka posta.

Mimi mtoto wa ndugu yako,
Roselyne