Magodoro ya Wachawi

Shoga, magodoro yetu yamekataliwa! Yamekataliwa getini!

Yale ya watoto wa kituo cha yatima, tuliyochangishana kwenye kikundi chetu cha mchezo wa dadu na mazimwi, ule wa mezani ambao kila mtu anajifanya shujaa au mchawi. Watoto wanalala sakafuni, jamani. Sakafuni!

Mwenyekiti wa taasisi ya dini inayoendesha kituo akauliza, "Nasikia kwenye mchezo wenu kuna mchawi?" Nikawakodolea wenzangu macho, mtu asijibu. Kaka yangu, mhasibu mzima, akanyoosha mkono. "Ni mimi, mzee. Lakini kwenye mchezo bado niko daraja la tano."

Daraja la tano! Kana kwamba tatizo ni cheo!

"Watoto wetu hawalalii vitu vya wachawi," akasema mwenyekiti.

Nikawaka. "Kwa hiyo walalie saruji?"

Akakohoa, akamgeukia dereva wa pikapu tuliyokodi. "Na wewe unacheza?"

"Hapana, mzee. Mimi nabeti mpira tu."

"Basi magodoro utatoa wewe."

Shoga, mcheza kamari akaombewa! Akapigwa picha na watoto! Magodoro yakaingia yote.

Sasa tunarudi. Nimemwomba dereva apunguze redio, ananijibu, "Dada, ongea na mfadhili kwa adabu."